Bangili za Kuhesabu Hatua: Tuzitumie, Lakini Tusizishindanie



Ndugu wanafunzi na wasomaji wa jarida letu, baada ya kumshukuru Allah (S.W.) na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), napenda mwaka huu niitumie nafasi yangu kuzungumzia kitu kidogo ambacho wengi wenu mmekwisha kukiona mkononi mwangu, na baadhi yenu mmekuwa mkikicheka chini chini. Nakusudia ile bangili nyeusi ya mpira yenye kioo kidogo, ambayo huhesabu hatua za mwenye kuivaa. Wapo waliodhani ni saa. Wapo waliodhani ni kipimo cha presha. Na mwanafunzi mmoja wa darasa la tatu, Allah amhifadhi, aliniuliza kama ni hirizi, swali ambalo nililijibu kwa kirefu kuliko alivyotarajia.

Sababu ya kuandika ni hii. Mwaka huu mhitimu wetu mmoja anayefanya kazi Muscat ametuletea bangili kumi na mbili za namna hiyo ziwe zawadi kwa madrasa. Kamati ya michezo ikapendekeza yafanyike mashindano: kila darasa livae kwa zamu, na darasa litakalopata hatua nyingi zaidi lipewe zawadi siku ya mahafali. Mimi nilipinga. Sikushinda wala sikushindwa, kwani Mudir aliamua jambo hilo lisubiri hadi baada ya Ramadhani, na kila upande utoe hoja zake. Hizi ndizo zangu.

Kwanza nieleze nilivyoipata bangili yangu, asije mtu akasema kuwa mwalimu anapinga asichokijua.

Miaka miwili nyuma kulikuwa na upimaji wa afya wa bure hapa mjini Tanga. Nikapanga foleni pamoja na wazee, zaidi kwa ajili ya kuwapa moyo wao kuliko kwa ajili yangu. Nikachomwa kidole asubuhi kabla sijala, na kipimo cha sukari kikasoma 6.4. Daktari akanitazama, akakitazama tena kipimo, akasema: "Ustadh, hiki bado si kisukari, lakini kimeshapiga hodi." Akaniuliza kama natembea. Nikamjibu bila kusita kuwa natembea sana, tena sana. Hakubishana nami.

Neno kisukari kwangu si neno la kwenye vipeperushi. Marehemu baba yangu alikatwa mguu wa kulia kwa maradhi hayo, na katika miaka yake mitatu ya mwisho mimi ndiye niliyekuwa nikimshika mkono kumpeleka msalani na kumsogezea maji ya udhu. Alikuwa fundi cherehani, mtu wa kukaa kwenye kiti tangu asubuhi hadi magharibi. Sisemi kuwa kukaa ndiko kulikomletea maradhi, kwani kisukari kina sababu nyingi, ikiwemo kurithi, na elimu iko kwa Allah. Lakini nilipotoka kupimwa siku ile nilikuwa namuona yeye.

Wiki hiyo hiyo nikanunua bangili katika duka la simu pale Ngamiani, shilingi 35,000 baada ya kubishana bei. Nikajiwekea sharti moja: wiki ya kwanza nisibadili chochote, niishi kama ninavyoishi, nione. Asubuhi pikipiki hadi kazini, mchana pikipiki hadi nyumbani Makorora, alasiri pikipiki hadi madrasa, kisha mkekani pamoja nanyi hadi magharibi. Isha nikaswali msikiti wa jirani, nikala, nikalala. Siku ya saba nikapiga wastani. Hatua 2,840 kwa siku.

Nikadhani ni mbovu. Nikahesabu mwenyewe kwa mdomo kutoka mlangoni kwangu hadi msikitini, nikapata hatua 212. Bangili ikasema 207. Haikuwa mbovu. Aliyekuwa akitembea sana ni yule kijana aliyekuwa akisomea diploma na hana nauli. Huyu mwenye pikipiki hatembei, ila bado anajisimulia habari za yule.

Hapo ndipo ilipo faida ya kitu hiki, na wala sitaki mtu aseme kuwa nakikataa. Binadamu anaweza kukaa miaka mingi akiwa na picha yake mwenyewe kichwani, na asipatikane wa kumwambia kuwa picha hiyo imepitwa na wakati. Mke hasemi kwa kuogopa kuudhi, wanafunzi hawasemi kwa adabu. Bangili haina adabu. Tangu wiki ile pikipiki yangu hubaki nyumbani kila alasiri, na mnaponiona nimeingia darasani na kanzu imelowa jasho mgongoni, sababu ndiyo hiyo. Aidha, nimejizoesha kutembea dakika kumi baada ya chakula cha usiku, kwani misuli ikifanya kazi huichukua sukari kutoka katika damu na kuitumia, na sukari haipandi sana kama inavyopanda kwa mtu aliyekula akajinyoosha. Baada ya miezi tisa nilipimwa tena, ikasoma 5.7. Nisiwadanganye, katika miezi hiyo nilipunguza pia sukari kwenye chai kutoka vijiko vitatu hadi nusu, kwa hiyo sifa yote siwezi kuipa bangili.

Sasa nije kwenye upande wa pili, ambao kwa bahati mbaya naujua vizuri vile vile.

Bangili ile ilipotoka dukani ilikuwa imewekewa lengo la hatua 10,000 kwa siku. Ukizifikia, hutetemeka mkononi na kuonyesha kinyota. Mimi, mtu mzima mwenye ndevu, nikawa nakitaka kile kinyota. Ikifika saa nne usiku na namba iko 9,300, huanza kuzunguka chumbani, kutoka dirishani hadi kabatini, kutoka kabatini hadi dirishani. Mke wangu akaniuliza kama nina deni ambalo sijamwambia. Usiku mmoja mvua inanyesha, nimechoka, namba iko 9,610. Nikakaa kitandani nikaanza kuutikisa mkono. Namba ikapanda! Nikatikisa mpaka kinyota kikatokea, nikalala nimeridhika kabisa. Asubuhi wakati natia udhu ndipo nilipoona aibu. Hapakuwa na mtu yeyote aliyekuwa akiitazama namba ile isipokuwa mimi.

Kwa nini hatua 10,000 na si 9,000 wala 11,000? Nililitafuta jibu kwa muda, nikitaraji kukuta utafiti mkubwa wa madaktari. Nikakuta biashara. Mwaka 1964 michezo ya Olimpiki ilifanyika Tokyo, na Wajapani wakashikwa na hamu ya mazoezi. Mwaka 1965 kampuni ya huko, Yamasa, ikatoa kifaa cha kufunga kiunoni kilichoitwa manpo-kei, maana yake ni kipimo cha hatua elfu kumi. Jina tamu, namba rahisi kukumbuka. Kifaa kikauzwa, vikundi vya matembezi vikaanzishwa, namba ikasambaa duniani, na leo iko mkononi mwa mtu wa Makorora inamnyima usingizi.

Utafiti wenyewe ulikuja baadaye sana. Mwaka 2019 Dk. I-Min Lee wa Marekani na wenzake walitoa matokeo ya kuwafuatilia wanawake wapatao 16,700, wengi wao wa miaka ya sabini. Waliotembea kama hatua 4,400 kwa siku walionekana kufariki kwa uchache kuliko waliotembea hatua 2,700 hivi, na faida ikaendelea kuongezeka hadi kama hatua 7,500, kisha ikatulia. Mwaka 2022 zikakusanywa tafiti 15 kwa pamoja, na ikaonekana kuwa kwa wenye miaka 60 na zaidi faida hutulia kati ya hatua 6,000 na 8,000, na kwa walio chini ya umri huo kati ya 8,000 na 10,000. Mwaka 2025 ukatoka mkusanyo mwingine mkubwa ulioitaja namba 7,000 kuwa lengo zuri kwa watu wengi. Tukumbuke kuwa tafiti hizi huwaangalia watu walivyo. Mgonjwa hutembea kidogo kwa sababu ni mgonjwa, na watafiti wenyewe wanalijua hilo na hujitahidi kulipunguza katika hesabu zao. Lakini linalojitokeza kila mara ni kwamba anayenufaika zaidi ni yule anayetoka 2,800 kwenda 5,000. Anayetoka 10,000 kwenda 13,000 huongeza kidogo tu. Nalo Shirika la Afya Duniani (WHO) katika mwongozo wake wa mwaka 2020 halikuweka lengo la hatua. Limetaja muda: kwa watu wazima dakika 150 hadi 300 kwa wiki za kujishughulisha kwa kiasi, na kwa ninyi wa miaka 5 hadi 17, wastani wa dakika 60 kila siku.

Ikiwa ni muda, basi hata bangili si lazima. Mwendo wa kuchangamka ni kama hatua 100 kwa dakika. Tazama saa ya ukutani unapotoka nyumbani, itazame tena unapofika. Dakika kumi ni hatua elfu moja. Umemaliza, na hukutumia shilingi 35,000.

Ndugu msomaji, ni lazima pia tuelewe bangili inahesabu nini hasa. Haioni miguu. Ndani yake mna kipande kidogo kinachoitwa akselerometa, ambacho huhisi mkono unavyotikisika mbele na nyuma, juu na chini, kushoto na kulia. Programu yake hutafuta mtikisiko unaojirudia kwa mpangilio kama wa mtu anayetembea, na kila ikiupata huandika hatua. Basi. Mkono ukitikisika kwa namna hiyo na miguu imekaa, huandika, kama nilivyowaungamia. Na miguu ikitembea na mkono umetulia, mara nyingi haiandiki au huandika pungufu.

Fikirini sasa ni nani ambaye mkono wake hutulia anapotembea. Ni msichana aliyejitwisha ndoo ya maji na kuishika kwa mkono. Ni mama aliyembeba mtoto. Ni kijana anayesukuma mkokoteni wa madafu tangu Raskazone hadi sokoni. Na katika mji wetu huu wa Tanga unaosifika kwa baiskeli, ni kila anayeendesha baiskeli, mikono yake imeshika usukani na miguu inafanya kazi kuliko ya mtembea kwa miguu yeyote. Baba wa mmoja wenu huja na baiskeli kutoka Pongwe kila siku ya Mungu. Nilimvisha bangili yangu siku moja kwa udadisi tu. Alifika nyumbani amelowa, bangili ikamwambia kuwa siku hiyo alikuwa mvivu. Alicheka sana, lakini mimi nilijifunza kitu.

Si bangili peke yake. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa hesabu ya hatua zilizorekodiwa na simu za watu zaidi ya 700,000 katika nchi 111. Wastani wa dunia ukawa karibu hatua 5,000 kwa siku. Hong Kong walikuwa juu, karibu 6,900, na Indonesia walikuwa chini kabisa, kama 3,500. Ukisoma haraka utasema ndugu zetu wa Indonesia ni wavivu. Lakini aliyepimwa pale ni mwenye simu ya kisasa yenye programu ile, tena wakati simu iko mfukoni. Mkulima aliyeko ndani ya jaruba la mpunga hana simu hiyo, na kama anayo ameiacha nyumbani isiingie maji. Huyo hayumo.

Kuna na namba nyingine bangilini, ile ya kalori, eti umechoma kiasi gani. Hiyo msiifuate kabisa. Mwaka huo huo wa 2017 watafiti wengine wa Stanford walipima vifaa saba vya mkononi, wakakuta vinahesabu mapigo ya moyo vizuri, lakini katika kalori hata kile kilicho bora kilikosea kwa wastani wa asilimia 27. Hapa kwetu Tanzania, Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi walipimwa na kundi la Herman Pontzer, matokeo yakatolewa mwaka 2012. Wanaume walitembea kama kilomita 11 kwa siku, wanawake karibu 6. Hata hivyo jumla ya nishati waliyotumia kwa siku, ukizingatia ukubwa wa miili yao, haikupishana na ya watu wa Marekani na Ulaya wanaokaa ofisini. Mwili una namna yake ya kubana matumizi. Kwa hiyo mtu asile vitumbua sita kwa hoja kuwa bangili imempa ruhusa.

Kwa msingi huo narudi kwenye mashindano. Tukiyafanya, nani atashinda? Atashinda mvulana mwenye alasiri nzima ya kucheza mpira. Hatashinda msichana anayetoka hapa kwenda kusaidia kukanda unga, kuchota maji na kumbeba mdogo wake. Hatashinda anayekuja kwa baiskeli. Mwenzenu anayetembelea magongo yeye tumpe bangili ya nini, ahesabiwe mbele ya darasa? Na darasa litakaposhindwa litamtazama nani? Nimefundisha miaka kumi na moja, nayajua macho hayo.

Halafu kuna ule mkono wangu wa kitandani. Mimi sikuahidiwa zawadi, sikuwa na wa kumtambia, nikadanganya. Mtoto wa miaka kumi na mbili aliyeahidiwa mpira mpya na kelele za darasa zima atafanya nini? Tunawafundisha asubuhi maana ya riya, kisha jioni tuwafunge mkononi kitu cha kuwafanya waitazame amali yao kila dakika kumi! Tayari katika kundi letu la WhatsApp la walimu wapo wanaorusha picha za hatua zao kila usiku, na sijui kama nia ni kutuhimiza au ni vinginevyo. Nia ziko vifuani.

Lipo jambo ambalo wanafunzi wa darasa la hadithi wanalijua. Imepokewa katika Sahihi Muslim kuwa watu wa Banu Salima pale Madina walitaka kuhama wasogee karibu na msikiti, kwani nyumba zao zilikuwa mbali, na Mtume (S.A.W.) akawataka wabaki katika majumba yao, akiwajulisha kuwa nyayo zao zinaandikwa. Hawakuulizwa idadi, wala hawakutakiwa wazihesabu wao. Na tumefundishwa pia tuiendee Swala kwa utulivu, tusiikimbilie. Nalitaja hili kwa sababu katika siku tatu za majaribio ya zile bangili kumi na mbili niliwaona vijana wawili wakiingia msikitini kwa kuzunguka uwanja mara tano kwanza, mbio, imamu ameshahirimia.

Ustadh mwenzangu wa kamati ya michezo amenijibu kuwa watoto bila mashindano hawainuki, na kuwa siku hizi hata mtaa wa pili mtoto anapanda bodaboda. Katika hilo la bodaboda yuko sahihi, na naogopa anavyoogopa. Mimi nasema washindane mbio, wavute kamba, wacheze mpira, huko mshindi huonekana kwa macho na aliyeshindwa hucheka naye. Bangili iwe ya kujitazama, si ya kutazamana.

Ombi langu kwa Mudir ni kuwa bangili zile ziazimwe kama tunavyoazima vitabu: mwanafunzi mmoja, wiki moja, kwa idhini ya mzazi, na namba zake aziandike katika daftari lake asimwonyeshe mtu ila akipenda. Zisiunganishwe na simu ya yeyote. Programu zake hutaka jina, umri, uzito na mahali ulipo, na mwaka 2018 ilibainika kuwa ramani ya mazoezi iliyotolewa na kampuni ya Strava imeonyesha njia wanazokimbilia askari ndani ya kambi zao. Ikiwa askari hawakujua wanachokitoa, mtoto wa darasa la nne atajuaje? Kioo chake kinatosha kusomwa.

Kwa sasa bangili ziko kabatini ofisini. Ziko kumi na moja. Chaja ni mbili tu, na moja imelegea, ikiingizwa lazima ishikiliwe kwa kitabu. Aliyechukua ya kumi na mbili siku ya majaribio airudishe, sitauliza imeandika hatua ngapi.

Wassalaam.